Sura ya Tatu: Beki Aliyeshika Njia Ndefu

Katika nchi ya Kanada, kijana aliyejaaliwa kipawa cha mpira wa magongo wa barafuni alilazimika, kwa miongo mingi, kukata shauri kubwa la aushi yake kabla hata ndevu hazijamwota. Alipotimiza umri wa miaka 15 au 16 alifika kwenye njia panda, na kila mtu katika jamaa zake alikuwa na rai yake juu ya upande wa kuelekea. Upande mmoja zilikuwapo ligi tatu kubwa za vijana, ambazo kwa pamoja huitwa CHL: huko kijana aliondoka kwa wazazi wake akapokewa na familia ya wenyeji katika mji asioujua, akacheza mechi zipatazo 70 katika msimu mmoja, akalala ndani ya basi usiku wa manane likikata nyika zenye theluji, na mwisho wa mwezi akapewa posho ndogo ya matumizi. Upande wa pili zilikuwapo ligi za vijana zenye sifa ndogo zaidi, zisizotoa posho hiyo, ambazo mchezaji alizitumia kama ukumbi wa kungojea mpaka amalize masomo ya sekondari na kupata nafasi katika chuo kikuu cha Marekani. Njia hizo mbili hazikuweza kuunganishwa, kwa kuwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kilimhesabu kila aliyecheza katika CHL kuwa amekwisha kula ujira wa mchezo, na mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kuvaa jezi ya chuo. Mechi moja tu ilitosha kuufunga mlango huo.

Sura hii yahusu beki aliyechagua upande wa pili, akaambiwa na wengi kwamba anajichelewesha, na ambaye miaka aliyoitumia katika njia hiyo ndiyo, kwa rai yangu, iliyomfanya awe vile alivyo. Jina lake ni Cale Makar. Alizaliwa Calgary, katika jimbo la Alberta, tarehe 30 Oktoba 1998. Mwaka 2013, timu ya Medicine Hat Tigers, mojawapo ya timu za CHL zilizo karibu na kwao, ililiandika jina lake katika uteuzi wa vijana, lakini ililiandika katika raundi ya nane, baada ya wenziwe wengi kukwisha kuchukuliwa, kwani wakati huo alikuwa mdogo wa mwili, na wapimaji wa vijana aghalabu hupenda beki mrefu mwenye mabega mapana. Hakwenda Medicine Hat. Aliamua kungoja.

Ili msomaji aliyelelewa katika kandanda aielewe thamani ya kungoja huko, yafaa kwanza tuitazame kazi ya beki wa barafuni. Uwanja wa Marekani ya Kaskazini una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, umezungushiwa ukuta wenye vioo juu yake, na ndani yake kila upande huwa na watu sita: mlinda mlango, washambuliaji watatu na mabeki wawili. Wanachokigombania ni kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa inchi 3 na unene wa inchi 1, na kasi ya mchezo ni kali hata wachezaji hawawezi kudumu barafuni kwa zaidi ya sekunde 40 au 50 pasipo kupokewa na wenzao. Beki humkabili mshambuliaji ilhali yeye mwenyewe anateleza kinyumenyume, na umbali ulio baina yao ndio roho ya kazi yake: akisogea mno atapitwa, akijitenga mno atamwachia mwenzake nafasi ya kupiga. Kwa hiyo humzuia kidogo kidogo katikati ya uwanja, akamsogeza kuelekea ukutani kama mchungaji anavyomwelekeza fahali zizini pasina kumgusa, kisha humbana pale ambapo hana tena pa kugeukia. Hayo yote hutendeka katika muda wa pumzi mbili au tatu.

Elimu hiyo haipatikani kwa haraka. Mshambuliaji aweza kukosea mara kumi na akasamehewa yote kwa bao moja, lakini kosa la beki huonekana nyuma ya mlinda mlango wake, nalo huandikwa. Ndiyo sababu makocha wengi husema kwamba beki huiva baada ya mshambuliaji, na ndiyo sababu timu nyingi huwaogopa mabeki vijana hata wakiwa na vipawa dhahiri. Fauka ya hayo, mchezo wa zama hizi wamtaka beki afanye na kazi nyingine, kazi ya kuanzisha mashambulizi: akiokote kisahani nyuma ya lango lake, akitoe kwa pasi au kwa mbio zake mwenyewe, kisha asimame penye mstari wa buluu unaolitenga eneo la adui na kuyaongoza mashambulizi kutoka pale.

Mtu aliyewafundisha walimwengu kwamba beki aweza kuyatenda hayo yote alikuwa Bobby Orr, naye alikuwa mwana wa njia ya kwanza. Boston Bruins walimtia mkononi angali na miaka 14, akacheza na vijana wakubwa kuliko yeye katika timu ya Oshawa Generals, na mwaka 1966, akiwa na miaka 18, aliingia NHL, ligi kuu ya mchezo huo. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1975 alitwaa tuzo ya Norris, ambayo hupewa beki bora wa msimu, mara nane mfululizo. Mwaka 1978 magoti yake yalikataa kabisa, akastaafu akiwa na miaka 30. Mfano wake ulikaa kwa uzito katika fikra za Wakanada: walioona jinsi alivyong'ara mapema walihitimisha kwamba kijana mwenye kipawa asicheleweshwe hata siku moja, na wazazi waliothubutu kusema kwamba mtoto amalize kwanza masomo walionekana kama watu wanaoogopa bahati ya mtoto wao.

Makar alikwenda Brooks. Mji huo, ulio mashariki ya Calgary kando ya barabara kuu inayoivuka Kanada nzima, ni mdogo na wa nyikani, na wenyeji wake wengi huishi kwa mafuta, kilimo na kiwanda kikubwa cha nyama. Kiwanda hicho kimewaleta wafanyakazi kutoka pande nyingi za dunia, wakiwemo Wasomali, Wasudani na Waethiopia, hata mgeni atembeaye katika mitaa ya Brooks wakati wa kipupwe husikia lugha za pembe ya Afrika zikizungumzwa chini ya makoti mazito. Timu ya mji, Brooks Bandits, ilikuwa katika ligi ya vijana ya Alberta, ligi ambayo wapimaji wa NHL waliipitia kwa haraka wakielekea kwingine. Chini ya kocha Ryan Papaioannou, Makar aliitawala ligi hiyo. Katika msimu wa 2016–17 alicheza mechi 54, akafunga mabao 24 na kutoa pasi za mabao 51, hesabu ambayo hata mshambuliaji angejivunia. Bandits walitwaa ubingwa wa ligi yao mwaka 2016 na tena mwaka 2017, na katika mashindano ya taifa ya mwaka huo wa 2017 walifika fainali, wakafungwa 3–2 katika muda wa ziada na wenyeji wao, Cobourg Cougars.

Swali lililowasumbua wapimaji lilikuwa la haki. Beki anayewazidi wenziwe katika ligi ndogo, je, ni hodari kweli, au ni ulaini wa wapinzani ndio unaompamba? Mizani ya kulipimia jambo hilo hawakuwa nayo. Mwezi Juni 2017, vijana walipoteuliwa na timu za NHL mjini Chicago, Colorado Avalanche ndio waliokuwa na nafasi ya nne. Timu hiyo ilikuwa imetoka katika msimu wa aibu, ikiwa ya mwisho katika ligi nzima kwa pointi 48, nayo ingestahili kuwa ya kwanza kuchagua kama kura haikuisukuma nyuma hadi nafasi hiyo ya nne. Wakamchagua Makar. Hakuna kijana wa ligi ya Alberta aliyewahi kuteuliwa juu kiasi hicho.

Hapo ndipo mtu mwingine yeyote angeliona kwamba kungoja kumekwisha. Walakini Makar alikuwa amekwisha kutoa ahadi yake kwa Chuo Kikuu cha Massachusetts, kilichoko katika mji wa Amherst, na chuo hicho kilikuwa dhaifu kuliko wengi wa washindani wake katika ligi ya Hockey East. Mchezo huo ulikuwa umefutwa kabisa chuoni mwaka 1979, ukarejeshwa mwaka 1993, na tangu hapo haukuwa na jina kubwa. Katika msimu wa 2016–17, uliokuwa wa kwanza kwa kocha mpya Greg Carvel, timu ilishinda mechi 5, ikatoka sare 2, na kupoteza 29. Kijana wa nne katika uteuzi wa NHL akaichagua timu kama hiyo! Yapo mambo ambayo mwandishi anaweza kuyasifu kwa tahadhari, lakini hili nalisifu waziwazi: kijana wa miaka 18 aliyekuwa amebembelezwa kila upande alitimiza neno alilolitoa kabla umaarufu haujamfikia.

Maisha ya mchezaji wa chuo yana utaratibu wake. Mechi huchezwa aghalabu Ijumaa na Jumamosi, na siku nyingine za juma ni za darasa, mazoezi ya barafuni na kunyanyua vyuma. Msimu mzima, hata kwa timu inayofika mbali, hauzidi mechi 40 na ushei. Anayelinganisha hesabu hiyo na mechi 70 za CHL hudhani kwamba kijana wa chuo anapunjwa. Mimi naona kinyume. Mechi 70 humfundisha mchezaji kuvumilia uchovu, nayo ni elimu yenye manufaa, lakini siku nne za mazoezi kati ya mechi moja na nyingine humpa kocha nafasi ya kuchukua kosa la Jumamosi, kulirudia polepole Jumanne, na kulifuta kabla ya Ijumaa. Kwa beki, ambaye kazi yake ni ya nafasi na pembe na umbali, nafasi hiyo ya kurudia ni mali. Tena wapinzani wa chuo ni watu wazima: wengi huanza masomo wakiwa na miaka 20 au 21, na kijana wa miaka 19 hujikuta akibanwa ukutani na mwanamume wa miaka 24 aliyekomaa mifupa. Ngumi hazivumiliwi, kwani apigaye hutolewa mchezoni na kuadhibiwa, na kila mchezaji huvaa kofia yenye kinga inayofunika uso wote.

Katika mwaka wake wa kwanza Makar alipata pointi 21, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, katika mechi 34, hesabu njema isiyotisha. Katikati ya msimu huo aliichezea Kanada katika kombe la dunia la vijana mjini Buffalo akarudi na medali ya dhahabu, kisha akaitwa kwenda na timu ya watu wazima katika Olimpiki ya 2018 huko Korea Kusini, ambako wachezaji wa NHL hawakupelekwa. Alikataa, akabaki na chuo chake. Na majira ya kuchipua yalipofika, ambapo Avalanche wangempokea kwa mikono miwili, alikata shauri kurudi Amherst kwa mwaka wa pili.

Ni katika mwaka huo wa pili ambapo mtelezaji wa Brooks aligeuka kuwa beki kamili. Wepesi wa miguu alikuja nao. Makar hufungua nyayo zake zikaelekea pande mbili mbalimbali, visigino vikikaribiana, akateleza ubavuubavu sambamba na mstari wa buluu huku kifua na macho yake yakielekea lango la adui, hata mlinzi anayemfuata asijue kama atakwenda kushoto, kulia, au moja kwa moja. Walakini kipawa cha namna hiyo, kisipotiwa adabu, humfanya beki kuwa mshambuliaji wa nne anayeacha uwanda mtupu nyuma yake. Carvel, ambaye kabla ya kurudi vyuoni alikuwa kocha msaidizi katika NHL huko Anaheim na Ottawa, aliijua hatari hiyo kwa kuishuhudia. Makar wa msimu wa 2018–19 alishambulia kwa wakati na kurudi kwa wakati, akakaba kwa ncha ya gongo lake pasina kutupa mwili wake ovyo, na pamoja na hayo akafunga mabao 16 na kutoa pasi za mabao 33 katika mechi 41. Timu iliyopoteza mechi 29 miaka miwili nyuma ilishinda mechi 31 na kupoteza 10. Kwa mara ya kwanza katika tarehe yake ikaongoza msimamo wa Hockey East, na katika mashindano ya taifa ikazifunga Harvard na Notre Dame mabao 4–0 kila moja, ikafuzu kwenda Buffalo kwa nusu fainali.

Siku tano zilizofuata zastahili kusimuliwa moja moja. Alhamisi, tarehe 11 Aprili 2019, Massachusetts waliifunga Denver 4–3 katika muda wa ziada, bao la ushindi likifungwa na beki mwingine, Marc Del Gaizo. Ijumaa Makar alikabidhiwa tuzo ya Hobey Baker, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, na ambayo yaitwa kwa jina la mchezaji wa Princeton aliyekuwa rubani katika Vita Kuu ya Kwanza, akafa Ufaransa mwezi Desemba 1918, baada ya vita kukwisha, ndege yake ilipoanguka. Jumamosi ilikuwa fainali, na Minnesota Duluth, mabingwa wa mwaka uliotangulia, wakawafunga 3–0. Jumapili Makar alitia sahihi mkataba na Avalanche. Jumatatu usiku, mjini Denver, pasipo kuwa amecheza hata dakika moja ya NHL, aliingizwa katika mechi ya mtoano dhidi ya Calgary Flames, timu ya mji aliozaliwa na iliyokuwa juu ya wote katika kanda ya magharibi msimu ule. Katika kipindi cha kwanza akapiga lango kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya NHL, na kisahani kikaingia wavuni. Avalanche walishinda 6–2, na Calgary wakatolewa kwa mechi 4 kwa 1.

Yaliyofuata yajulikana zaidi, nami nitayapitia kwa haraka. Mwaka 2020 alipewa tuzo ya Calder ya mchezaji mpya bora. Mwaka 2022 alitwaa Norris, kisha akawaongoza Avalanche kuifunga Tampa Bay na kunyanyua Kikombe cha Stanley, naye akatajwa kuwa mchezaji bora wa mtoano kwa kupata pointi 29 katika mechi 20. Kabla yake mabeki waliokusanya Norris na tuzo hiyo ya mtoano katika msimu mmoja walikuwa wawili tu, Orr na Nicklas Lidström wa Uswidi. Mwaka 2025 akaipata Norris kwa mara ya pili, akiwa amefunga mabao 30 katika msimu.

Atakuwapo atakayesema kwamba mtu mwenye kipawa hicho angefika popote kwa njia yoyote, na hoja hiyo haina jawabu la kukata, maana hatuwezi kumrudisha Makar utotoni tukamtuma Medicine Hat. Lakini tuziangalie tuzo za Norris za miaka mitano, tangu 2021 hadi 2025. Ya kwanza aliichukua Adam Fox, aliyesoma Harvard, na ambaye mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa watatu wa mwisho waliogombea Hobey Baker pamoja na Makar. Ya 2024 aliichukua Quinn Hughes, aliyesoma Chuo Kikuu cha Michigan. Mbili ni za Makar. Katika miaka hiyo mitano ni Erik Karlsson wa Uswidi peke yake, mwaka 2023, aliyeipata tuzo bila ya kupitia chuo. Fox, Hughes na Makar wote hawakuhesabiwa kuwa wakubwa wa mwili, wote ni watelezaji na wenye akili ya kuusoma uwanja, na wote walipewa miaka ya kuiva mahali ambapo kosa la beki lilifundishwa kabla ya kuadhibiwa. Yamkini ni sadfa. Mimi siamini kuwa ni sadfa.

Hata hivyo, haifai kuisifu njia hiyo kana kwamba kila aishikaye hufika. Mabeki wengi wa vyuo humaliza mchezo wao siku ile wanapovaa joho la kuhitimu, na kilicho bora katika mpango huo ni kwamba siku hiyo huwa na shahada mkononi na hawakupoteza kitu. Hata faida ya Amherst haikuondoka na Makar. Mwaka 2021, miaka miwili baada ya yeye kwenda zake, Massachusetts waliifunga St. Cloud State 5–0 mjini Pittsburgh wakawa mabingwa wa Marekani kwa mara ya kwanza, na miongoni mwa mabeki wao alikuwamo Del Gaizo, aliyefunga lile bao la Buffalo.

Na sasa njia panda yenyewe imefutwa. Mwezi Novemba 2024, baraza la NCAA lilipiga kura kuwaruhusu wachezaji wa CHL kuingia katika timu za vyuo kuanzia Agosti 2025, hata kijana asilazimike tena kuukana upande mmoja akiwa na miaka 15. Katika kiangazi cha 2025, Gavin McKenna, mshambuliaji kutoka Yukon aliyekuwa ametoka kutangazwa mchezaji bora wa CHL nzima, aliiacha timu yake akajiunga na Chuo Kikuu cha Penn State. Timu aliyoiacha ilikuwa Medicine Hat Tigers, ile ile iliyoliandika jina la Makar katika raundi ya nane na isimpate.